Ubavuni kwa Baba

Mie sipendi mtu aniambie udongo wa kwetu mbaya. Udongo wa kwetu haukuwa na ugomvi na mtu. Ni mfinyanzi mweusi. Mvua ikinyesha unanata kwenye ndala mpaka unaziacha huko huko, jua likiwaka unapasuka. Unapasuka kweli, si mchezo. Ukipita shambani kwetu bondeni, huku Toangoma, wakati wa kiangazi, unakuta nyufa za kutumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Vifaranga vyangu vimeshapotelea humo, sina hata wa kumdai. Wageni wakija wanashika vichwa: jamani, Mwajabu, shamba lenu limeharibika! Mie nacheka. Zile nyufa ndizo zilizokuwa zinatulisha.

Maana mvua ya kwanza ikija, hata iwe ya kutisha, hutaona maji yakitembea juu. Yote yanazama kwenye nyufa. Udongo unakunywa, unakunywa, unavimba, nyufa zinajifunga zenyewe, ndipo maji yanaanza kuteleza juu. Kufikia hapo ukoka umeshaota, mchicha umeshashika, basi maji yanashuka taratibu kwenda mtoni bila kumkera mtu. Hilo mie sikufundishwa darasani. Nimelizoea tu, kwa kulima hapo tangu nikiwa msichana.

Baba yetu, Mzee Mwishehe, alilima bonde hilo mpaka nguvu zilipomwishia, na alipofariki tulimzika hapo hapo, upande wa juu wa shamba, pembeni ya njia inayotoka nyumbani. Mwenyewe ndiye aliyetaka. Wanaume walipokuwa wanatoka kwenda kuchimba, mama yetu, Bi Tunu, alimwita mdogo wangu Suleiman mlangoni, akamwambia, waambie wachimbaji wasogee kidogo, waache nafasi ya mtu mmoja ubavuni kwake. Suleiman akauliza, ya nani, mama? Mama akamtazama kama vile kauliza swali la kitoto. Ya kwangu, akasema.

Tangu siku hiyo hilo likawa ndilo neno la mama. Sie tumezoea, lakini mgeni angeshtuka. Tukimuudhi kidogo tu anatuambia, "Hapa mie nimepanga. Kwangu ni kule." Siku nimepika mlenda umezidi chumvi, mama anasukuma sahani, "Mwajabu, wewe unanifukuza niende kwa mume wangu." Tunacheka wote. Lakini ndani ya mzaha ule kulikuwa na mtu ambaye hakuomba kitu kingine chochote duniani. Hakutaka nyumba ya matofali, hakutaka Makka. Alitaka kulala pale, basi.

Na Alhamisi jioni utamkuta kaburini na fagio lake la chelewa. Huku kwetu kaburi likiota majani watu hawasemi neno, wanapita tu wanatazama, ila moyoni wanasema huyu amekufa mkiwa, hakuacha mtoto. Kwa hiyo mama akifagia pale anafagia kama anafagia uwanja wa nyumba siku ya harusi, mpaka mistari ya chelewa inaonekana. Lakini alikuwa anafagia kaburi tu. Chini ya kaburi, upande wa mtoni, nilikuwa nimeacha mkanda wa ukoka, upana wa matuta mawili hivi, kutoka njiani hadi mpaka wa jirani, na huo nilikuwa simruhusu mtu kuugusa.

Sasa mwaka huu vuli ilitupitia mbali, kiangazi kikawa kikali. Ufa mmoja ukaanzia njiani, ukapita miguuni kwa baba, ukaikata katikati ile nafasi ya mama. Mama alipouona alitania kwanza. "Loh, nimeshafunguliwa mlango." Usiku ule hakulala. Kesho yake akaniambia anaogopa ufa utageuka, utafika kwenye mwanandani, pale ubavuni mwa shimo alipolazwa, na mume wake abaki wazi kwa macho ya watu. Nikamwambia, mama, nyufa hizi unazijua kuliko mie, mvua ikija zitajifunga. Akasema anajua. Ila moyo wake ulikuwa hautaki kujua, akampigia simu Suleiman.

Suleiman ni fundi wa kuchomelea, gereji yao iko Chang'ombe. Ni mtu wa moyo, hilo hata nikiwa na hasira naye silikatai. Ila ana kiherehere. Kitu kikilegea yeye anakichomelea, kikiwa wazi anakiziba. Ndiyo kazi yake na ndivyo alivyo. Ilikuwa Shabani, wakati ambao kila ukoo unasafisha makaburi yake kabla ya mwezi wa mfungo. Akaja na kenta ya kifusi chekundu, vijana wa gerejini na mashine ya kushindilia. Wakafyeka. Wakang'oa mkanda wangu wa ukoka wote na mizizi yake. Wakajaza kifusi kwenye nyufa, wakashindilia, wakamwaga kingine juu kutoka njiani mpaka kaburini na kushuka mpaka kwenye tuta langu la kwanza, wakashindilia tena, pakawa kama barabara ya mtaa ambayo imetoka kuchongwa.

Jirani yetu Kornelio alikuwa anamwagilia bamia zake ng'ambo ya mpaka. Ni mtu wa Mahenge, amekodi kipande hicho miaka mingi, na mama alikuwa akimpenda kwa sababu haachi kumwamkia shikamoo hata akiwa amebeba ndoo mbili. Akasogea, akasema kwa upole, "Bwana Sule, nyufa ungeziacha. Zinameza maji hizi. Na yale majani nayo yanazuia."

Suleiman hakuinua hata macho. "Kornelio, kwenu labda sawa. Kwetu sisi kaburi la majani ni la mtu asiye na watoto. Baba yangu ana watoto."

Kornelio akajibu, "Haya, bwana," akarudi kwenye bamia zake. Mie nilikasirika kweli. Nikampa Suleiman vidonge vyake pale pale, mbele ya vijana wake. Nikamwambia udongo huu una kiu miezi mitano, halafu wewe unaziba mdomo. Maji yataenda wapi? Nikamwambia na ukoka wangu aurudishe. Akanijibu, "Dada, kila kitu wewe unajua. Uliwahi kumfanyia baba nini hapa zaidi ya kumpandia mchicha miguuni?"

Hilo liliniuma. Nikafungua mdomo nimjibu, mara nikamwona mama. Amesimama njiani, ameshika khanga yake kifuani, analia huku anacheka. Alikuwa anapatazama pale palivyokuwa papana, pasafi, pekundu, hapana ufa hata mmoja. "Mwajabu," akaniambia, "mwache mwenzio amhudumie baba yake." Na kwetu mama akishasema hivyo, neno limekwisha.

Mfungo ukaingia, ukawa wa jua kali. Mama kila Alhamisi anafagia uwanja wake mpya kabla ya futari. Mvua zilikuja kumi la mwisho la mfungo.

Ile ya kwanza nilikuwa barazani nachambua mchele. Nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona shambani kwetu mvua ya kwanza: maji yanatembea. Yanashuka kutoka njiani, yanatelezea juu ya kile kifusi, hayazami hata tone, yanakusanyika pale ukingoni ambapo palikuwa na ukoka, halafu yanaanguka kwenye mchicha wangu. Nilitupa ungo nikakimbia. Mvua ilipokatika nikakuta matuta mawili ya juu hayapo, na pale ukingoni pamechimbika shimo la kina cha kifundo cha mguu. Shimo dogo tu. Nikalijaza majani na magogo ya migomba, nikasema litatulia.

Halikutulia. Mvua zilizofuata udongo wa pembeni ukavimba kama kawaida yake, ukataka kujifunga, lakini nyufa zilikuwa zimejaa kifusi, hakuna pa kujifungia. Basi ukasukuma juu. Uwanja wa Suleiman ukainuka hapa, ukapasuka pale. Ile nafasi ya mama ikatuna kama tumbo. Maji yakapata njia ya kupenya chini ya kifusi na kuchota udongo kwa ndani, na lile shimo likawa korongo. Na mie miaka yote najua korongo linashuka na maji kwenda mtoni. Sivyo. Maji yanashuka, lakini korongo lenyewe linapanda. Kila mvua mdomo wake wa juu unamomonyoka, unaanguka, unasogea. Ukisimama pale chini ukatazama juu unaona kabisa linakoelekea. Lilikuwa linaelekea kwa baba.

Nikampigia Suleiman simu, sikumsalimu hata. Akaja na viroba vya mchanga na matairi mabovu kutoka gerejini. Siku ya Idi, watu wanakula pilau majumbani kwao, mdogo wangu yuko korongoni na kanzu ameikunja kiunoni, anapanga viroba. Kornelio akavuka mpaka akaenda kumsaidia, ingawa maji yetu yalikuwa yamechukua nusu ya bamia zake. Hawakusemeshana sana. Kornelio anarusha kiroba, Suleiman anakipokea. Usiku mvua ikaja, maji yakazunguka pembeni ya viroba, asubuhi matairi tukayakuta mtoni.

"Dada, tufanyeje?" Suleiman akaniuliza. Huyo ni mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kuniuliza tufanyeje. Nilikuwa na maneno yangu nimeyahifadhi tangu Shabani, matamu kweli kweli, nilikuwa nayarudia kichwani nikiwa napalilia. Nikatazama viganja vyake, vimechanika kwa kamba za viroba, nikashindwa kuyasema.

"Sijui," nikamwambia. "Mie najua kulima tu."

Nafasi ya mama ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa mchana, mvua nyepesi tu, wala haikuwa ya kutisha. Mama alikuwa amesimama njiani na mwavuli, mie namzuia asisogee. Tukasikia sauti, puu, kama mtu ameangusha gunia la mkaa. Tulipotazama ubavuni kwa baba hapakuwa na kitu. Ardhi imekwenda, imelala chini korongoni vipande vipande, na kutoka kaburini mpaka ukingoni imebaki hatua moja ya mtu mfupi.

Mama alisema tu, "Ile ilikuwa yangu." Kisha akasema, "Haya, mtoeni baba yenu kabla maji hayajamtoa."

Shehe wa mtaani akatuambia maiti hahamishwi ovyo, ila maji yakimfuata inafaa. Serikali ya mtaa na watu wa afya nao wakaja wakaona, wakaruhusu. Apelekwe makaburi ya watu wote, kule ng'ambo ya barabara kubwa, kwenye mchanga. Mama alishinda siku nzima akifukiza sanda mpya kwa udi. Sie wanawake hatuendi kuzika, kwa hiyo yote aliyoyataka alimwagiza Suleiman, na alichotaka kilikuwa kimoja. Alimshika mkono mlangoni, kama mwaka ule.

"Mtafutie pa watu wawili. Umesikia, Suleiman? Pa watu wawili."

"Nimesikia, mama."

Mie na mama tukabaki tumekaa mkekani. Mama akanihadithia jinsi baba alivyokuja kumposa kwao Mbagala na viatu vya kuazima, vinambana, akakaa kikao kizima amevivulia chini ya kiti, wazee walipoinuka kuomba dua hana viatu. Alicheka mpaka akapaliwa. Nilimwona mama yangu siku ile kama msichana anayengoja kuhamia nyumba mpya.

Suleiman alirudi saa za Alasiri. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja bombani, akawa ananawa miguu. Tope lilishatoka zamani, yeye bado anasugua. Nikamfuata.

"Vipi? Ameshazikwa salama?"

"Salama."

"Na nafasi?"

Akafunga bomba. "Dada, kule hawamwekei mtu nafasi. Makaburi yanafuatana kwa mstari. Anayekuja kwanza anachimbiwa kwanza. Mlinzi nilimwangukia mpaka magotini. Akaniambia, kaka, aliye hai hana kaburi hapa."

"Basi ungemwambia..."

"Hujanisikia," akasema. "Tulipomaliza dua, jeneza jingine lilikuwa limeshafika getini. Wamelichimbia pale pale. Ubavuni kwake." Akafuta uso kwa mkono, mkono una maji, uso ukazidi kulowa. "Nikasema labda ni mzee mwenzake. Nikasubiri. Wakamwita maharimu wake, ndugu yake wa karibu, aingie shimoni ampokee. Wakatandaza shuka juu ya kaburi wakati wa kumshusha."

Kwetu shuka haitandazwi juu ya kaburi kwa mwanamume. Nikakaa juu ya ndoo.

Tulikubaliana tusimwambie. Niseme nini, tuliogopa. Mama akiuliza, tunamwambia mvua, njia mbaya, mama subiri pakauke. Akawa mpole wa kutisha. Alhamisi anatwaa fagio, anakwenda mpaka njiani, anatazama lile korongo, anarudi. Hakusema tena kwamba hapa amepanga. Nilikoleza chumvi kwenye mlenda makusudi, Mungu anaona, ili tu anitanie. Akala wote, akanishukuru.

Kisha asubuhi moja nikamkuta amevaa baibui, amekaa barazani na mkoba. "Mwite ndugu yako," akasema. "Leo nakwenda kumwona mume wangu. Hamtaki, nitauliza njia."

Suleiman akaja na gari la kuazima. Tukaenda. Mchanga kule ni mweupe, umetulia, makaburi yamepangwa safi mstari kwa mstari. Suleiman anatangulia, mama nimemshika mkono. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Tukafika. Mama akalijua la baba kabla hatujamwonyesha, kwa yale mawe ya kichwani na miguuni tuliyoyahamisha kutoka shambani. Akatoa salamu, akasoma Fatiha, akaomba dua yake ndefu.

Alipomaliza akatazama kushoto, kaburi. Akatazama kulia, kaburi. Udongo wake umeshatulia, lina kibao cha bati.

"Na huyu nani?"

Suleiman akaanza, "Mama, hapa mlinzi..."

"Sijakuuliza mlinzi. Nimekuuliza huyu. Mwanamume au mwanamke?"

Suleiman akanitazama mie. Mama hajui kusoma. Kibao kile ningeweza kukisoma nitakavyo, ningesema Athumani, ningesema Ramadhani, na angeondoka pale na amani yake. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini yule ni mama yangu, na alikuwa ananitazama usoni.

"Mwanamke, mama."

Akakitazama kile kibao. Upepo ukawa unavuta baibui lake, hata hakulishika. Suleiman akapiga magoti kwenye mchanga. "Mama, nisamehe. Mama, mie nilikuwa nataka baba akae pasafi tu."

"Najua," akasema. "Hata mie nilitaka hivyo hivyo."

Kisha akaniachia mkono, akazunguka mpaka upande wa lile kaburi jingine. Akachutama kwa taabu, magoti yake yanalia, akaweka kiganja juu ya mchanga, akasema kwa sauti ile anayoitumia kwa jirani aliyehamia jana.

"Assalaam alaykum, mwenzangu. Mie Tunu, mke wa huyu bwana. Ana kikohozi huyu, alfajiri kinamshika, anasumbua. Umvumilie."

Tulimwinua mie na Suleiman, huyu huku na huyu kule. Alikuwa mwepesi. Tulitembea mpaka getini, Suleiman analia wazi wazi, watu wanatupisha. Pale kwenye gari akasimama, akatufunga vizuri, mie kilemba changu, Suleiman kifungo cha shati, kama tunakwenda madrasa.

"Siku yangu ikifika," akasema, "msije mkahangaika kutafuta. Mie nizikeni popote."